Foni, bateri na kaye: namna tulivyojitengenezea njia ya kupashana habari

Hotuba ya komite, iliyosomwa Butembo mbele ya wanachama na wafadhili. Tumeiacha karibu sawa vile ilivyosemwa.

Wale waliofika jana usiku kwa moto kutoka Manguredjipa na bado wana matope ya Njiapanda kwenye viatu, wasione haya. Wapite mbele, viti viko.

Tuliombwa tuseme juu ya teknolojia. Wengine wetu kwenye komite walicheka. Mtu aliyerudi kwake akakuta mlango umebebwa na mabati yametolewa, teknolojia ya kwanza anayotafuta ni msumari. Lakini tulipokaa na kufikiri, tuliona kwamba tangu turudi tumekuwa tukifanya kazi hiyo bila kuiita jina. Kwa hiyo leo tutaeleza kitu kimoja tu: namna habari inavyotoka kwenye shamba la mtu mpaka kwenye sikio la mwenzake kabla ya hatari kufika. Mengine yote, barabara, kakao, mabati, yako kwenye ripoti ya mtunza sanduku.

Hatuna haja ya kuwaelezea wanachama tulivyotoka. Katikati ya 2024, mauaji ya ADF yalipoingia ndani ya sekta ya Bapere, tulishika njia ya Butembo, kama kilomita 100, wengi kwa mguu. Tulilala kwenye madarasa ya shule na kwa familia zilizotupokea, ambazo zenyewe hazikuwa na kitu. Kisha watu wakaanza kurudi kidogo kidogo, juu njaa ya mjini nayo inaua. Kuna familia hapa ambazo zimekimbia mara tatu na kurudi mara tatu. Na Septemba 2025, kule Ntoyo, watu walikuwa kwenye matanga usiku, wamekaa na maiti ya ndugu yao, wakavamiwa. Zaidi ya watu 60 waliuawa. Tangu usiku ule swali moja halitoki katika vichwa vyetu: tutajulishana namna gani, na kwa saa ngapi?

Kabla ya kusema tulichofanya vizuri, tuseme tulichoharibu.

Tulipoanza kurudi, projee moja ilitufikia. Hatutaitaja, na watu wake walikuwa na moyo mzuri. Walituletea matelefone makubwa ya kugusa, na ndani yake programu ya kutolea alerte. Unafungua, unachagua picha ya hatari, unabonyeza, na alama nyekundu inatokea kwenye karte ya ofisi, mbali kabisa na sisi. Tulifundishwa siku mbili kwenye sale moja yenye umeme. Tulipiga picha pamoja, tukala wali na nyama, tukarudi.

Kule kwetu reso inashika juu ya kilima na inakufa bondeni, na mashamba yako bondeni. Bateri za matelefone yale zilimaliza siku moja tu, na kuchaji ni franka 500 kila mara. Programu iliandikwa Kifaransa. Mama mmoja aliyepewa telefone alituambia: "Niliona watu nisiowajua kwa mto. Nilishika ile telefone, nikaona maneno, nikaogopa kubonyeza vibaya. Nikakimbia tu kwa jirani." Alikimbia kwa jirani. Kumbuka neno hilo, tutalirudilia.

Kitu kingine hakikutazamwa na mtu, hata sisi: matelefone yalipewa watu 12, na kati yao wanaume walikuwa 10. Lakini nani anaamka saa kumi na moja kwenda kuchota maji? Nani anatangulia shamba? Njia za mbali zinakanyagwa kwanza na wamama na watoto, na telefone iko mfukoni mwa baba aliyeenda kwenye karyeri ya dhahabu. Baada ya miezi michache matelefone 7 yalikuwa yamebaki. Mengine yaliuzwa. Hatuwahukumu waliouza, mtoto akiwa na malaria mtu anauza alicho nacho.

Lakini hasara kubwa haikutoka kwa projee ile. Ilitoka kwetu wenyewe, kwa WhatsApp.

Matelefone yalipokuwa mikononi, vijana waliunda kundi la kupashana habari. Wazo lilikuwa zuri. Wiki ya tatu, sauti ikaingia: mtu anahema, anasema wamefika, kimbieni. Hakusema nani, hakusema wapi. Sauti ile ilikuwa imeshapita kwenye makundi mengine, na kwa ukweli ilitoka mahali pengine na siku nyingine. Watu walikimbia usiku, mvua ikinyesha, na watoto mgongoni. Usiku huo huo wamama wengi walikuwa na kakao kwenye masanduku, siku ya tatu ya kuchachusha. Ninyi mnaolima mnajua: kakao inakaa siku tano mpaka saba, inageuzwa, inafunikwa na majani ya ndizi. Ukiiacha bila kugeuza inaoza, na mnunuzi wa Butembo akikata mbegu moja tu anakurudishia gunia. Kakao ya msimu mzima ilipotea kwa sauti ya sekunde kumi.

Ilitokea tena mara mbili. Mara ya nne ilikuwa kweli, na kuna waliosema: "Ah, njo yale ya WhatsApp tena," wakabaki shambani. Familia zao ziko hapa ndani. Hatutasema zaidi.

Kutoka siku ile komite iliacha kuuliza ni mashine gani tutafute. Tukauliza watu wenyewe: zamani mlijulishana namna gani, na leo mtu akisikia neno analiamini kwa sababu gani?

Wazee walianza na ngoma. Vijana walidhani ni hadithi za jioni, lakini kuna jambo ndani yake. Upande wa Kisangani, Walokele walikuwa wanasemeshana kwa lokole, ule mti uliochongwa wenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Misionari mmoja Mwingereza, John Carrington, aliyekaa Yakusu, alijifunza lugha ile na mwaka 1949 akatoa kitabu juu yake. Alieleza kwa nini ngoma inasema maneno mengi kwa jambo moja dogo: sauti mbili peke yake zinafanana kwa maneno mengi, kwa hiyo mpigaji hapigi neno moja, anapiga sentensi nzima ya kulizunguka ili msikilizaji asikosee. Mzee wetu mmoja, ambaye hajui Carrington wala kitabu chake, alisema jambo lile lile kwa kifupi: "Ngoma haipigi neno moja. Neno moja ni la mwongo."

Hapo ndipo tulipata sheria yetu ya kwanza. Alerte yoyote lazima ibebe vitu vinne: nani ameona kwa macho yake, wapi, saa ngapi, na wanaelekea upande gani. Ikikosa kimoja, inaitwa uvumi, na uvumi hausambazwi. Unapelekwa kwa mtu mmoja wa lokalite, ambaye kazi yake ni kuutafutia vitu vinavyokosekana. Na alerte inahitaji vinywa viwili vilivyotoka sehemu mbili. Watu walituuliza: je, kama tukingoja kinywa cha pili, tutakuwa tumeshachinjwa? Swali hilo lilitugawanya jioni mbili. Mwisho tulikubaliana hivi: aliye karibu na hatari hangoji mtu, anakimbia na kupiga filimbi. Kinywa cha pili kinangojewa na lokalite iliyo mbali, kabla haijaamsha watu wake wote. Sheria haiko kamili. Tumeishi nayo.

Kisha wazee wakaleta foni.

Vijana wa leo hawaijui vizuri. Kabla ya telefone za mkononi kufika, Manguredjipa ilikuwa inasema na Butembo kwa foni: misioni ilikuwa nayo, wanunuzi wa dhahabu walikuwa nayo. Ulikuwa unafika asubuhi, unaandikisha jina, unangoja, na ukisema na mke wako watu wote waliopanga mstari wanasikia, na wa vituo vingine pia. Siri hakuna. Ndoa ngapi ziligombana juu ya foni, wazee wanajua. Lakini foni haihitaji antena ya kampuni juu ya kilima. Ni mashine ya sanduku, bateri ya gari ya volti 12, na waya umetandikwa kati ya miti miwili. Sauti inaruka juu ya milima na pori, kilomita mia na zaidi, bila kulipa unite.

Tulikumbuka pia yaliyowapata ndugu zetu wa Haut-Uele. Desemba 2009, LRA waliua watu zaidi ya 300 upande wa Makombo, kwa siku chache. Dunia ilikuja kupata habari kamili Machi 2010. Miezi mitatu! Hakukuwa na telefone wala barabara. Baada ya hapo komisio ya haki na amani ya dayosezi ya Dungu-Doruma, pamoja na shirika la Marekani linaloitwa Invisible Children, walieneza foni katika vijiji, na kila kituo kikawa kinasema asubuhi na jioni hata kama hakuna jambo. Hilo la mwisho ndilo lilitufungua macho. Kituo kinasema hata kama hakuna jambo. Kikinyamaza, kule kunyamaza kwenyewe ni habari.

Na hapa Kivu, tangu karibu 2010, MONUSCO nayo iliunda mareso ya alerte, ikagawa matelefone na namba za kupiga katika vijiji karibu na kambi zake. Yaliokoa watu mahali pengine, hatuwezi kukataa. Lakini reso ile ilikuwa inapanda juu: kijiji kinaita askari. Sisi tulitaka pia reso inayotembea pembeni, kijiji kwa kijiji, jirani kwa jirani. Yule mama alikimbia kwa jirani, si kwa karte.

Basi tukatafuta foni. Ya kwanza tulipata hapa Butembo, kwa mfanyabiashara aliyekuwa ameiweka depo tangu telefone zifike. Ilikuwa na vumbi na panya walikuwa wamekula waya. Fundi wetu wa maredio aliifungua, akabadilisha vitu viwili, ikaamka. Ya pili tulinunua kwa kotizasio ya wanachama na pesa ya ndugu zetu walioko Kampala na Ubelgiji. Kwa serikali tulienda na barua, juu foni bila ruhusa wakati wa vita inaweza kukupeleka gerezani, na kwa haki. Tulizunguka maofisi wiki sita. Hatutasema hapa mashine zinakaa nyumba gani wala zinasema kwa frekansi gani. Gazeti hili linasomwa na watu wengi.

Sasa bateri. Wafadhili, sikilizeni hapa vizuri, kwani kila projee tuliyoiona imekufa kwa bateri.

Bateri ya kwanza ilikufa kwa miezi minne, na tuliiua sisi. Kulikuwa na harusi ya mtoto wa mwanakomite, jenereta ikakataa, na mtu mmoja (anajijua, ameinamisha kichwa pale nyuma) akasema tuunganishe miziki kwa bateri ya foni kwa saa moja tu. Saa moja ikawa usiku mzima. Bateri ya risasi na asidi haipendi kunyonywa mpaka mwisho. Ikishuka chini ya volti 11 na nusu hivi na kukaa namna ile, ndani yake kunajengeka kutu nyeupe isiyotoka tena. Harusi ilikuwa nzuri. Kwa wiki tano hatukuwa na foni.

Tulipata bateri nyingine kwa deni. Safari hii tuliweka sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa msichana wa foni na mwingine kwa mama wa kanisa la jirani ambaye haogopi mtu. Tukaweka mita ndogo ya volti, na mstari mwekundu tulichora wenyewe kwa rangi ya kucha: sindano ikifika hapa, zima. Kila wiki maji ya bateri yanatazamwa, na yanaongezwa maji yaliyosafishwa, si ya mto. Haya yote yako kwenye kaye, na tarehe na sahihi.

Na pesa ya bateri ijayo inatoka wapi? Pano solere ya foni ina nguvu kupita mahitaji ya foni, kwani foni inasema dakika chache asubuhi na jioni tu. Mchana jua linapotea bure. Kwa hiyo tunachaji matelefone ya watu, franka 500 kila moja, mpaka saa tisa. Baada ya saa tisa hapana, hata kwa shefu, ili bateri ijae kabla ya usiku. Pesa inaingia sanduku lake peke yake. Kwa miezi minane imelipa deni lile na imeanza kujaza bei ya bateri nyingine, bila kuomba mtu.

Wasichana wawili ndio wanaoshika foni. Kuna waliopinga: eti kazi ya vita ni ya wanaume. Lakini wanaume wa umri ule wanaenda na kurudi karyeri, na kijana mwenye mashine ya kusemesha, askari wa kila upande anamshuku kwanza. Tulipeleka wasichana wale kwa fundi wa Butembo wiki tatu. Walijifunza kuchomelea waya kwa bati, kupima, kukata antena kwa urefu wake, kubadilisha fizi. Mmoja wao sasa anatengeneza matochi: anachukua bateri za kompyuta zilizokufa, anazivunja, anatafuta ndani yake seli ambazo bado ni nzima, za volti 3.7, na kuziweka kwenye tochi. Hatukumfundisha hilo. Anauza sokoni na mama yake. Tulimwomba tu asizichaji ndani ya nyumba usiku, kwani seli zile zikizidishwa zinawaka moto.

Kule ambako foni haifiki, habari inabebwa na wamotari. Hilo nalo hatukulibuni. Wamotari walikuwa tayari wanabeba barua, dawa, pesa na matusi kati ya lokalite zote. Tulichapisha karatasi ndogo zenye nafasi nne, vile vitu vinne, na mchoro kwa asiyesoma: jicho, mlima, jua, mshale. Mtu anajaza kwa kalamu au kwa makaa, motari anapeleka kwenye foni. Kwa mto, pale wamama wanapochota maji, kuna filimbi. Mara moja ndefu: simameni, sikilizeni. Mara tatu fupi: tokeni. Bei ya filimbi moja haifiki ya soda.

Mpaka leo kaye ya foni ina alerte 31. Kati yake 19 zilikufa kama uvumi kabla ya kumtoa mtu kitandani. Tunazihesabu hizo kama usiku 19 ambazo watoto walilala. 12 zilizobaki zilipitishwa, na katika hizo 3 tulikosea, hakukuwa na kitu. Hatusemi kwamba foni inazuia mauaji. Kuna mahali imefika kwa kuchelewa. Tunasema tu kwamba watu wameanza tena kuamini neno wanalosikia.

Tuseme sasa na wafadhili peke yao, wanachama watusamehe.

Mlituandikia kwa upole mkiuliza kwa nini hatutaki matelefone 40 na programu mpya, iliyotengenezwa vizuri kuliko ile ya kwanza. Hatukatai vitu vya kisasa. Angalieni M-Pesa, ambayo wengi wenu ndiyo mnatutumia pesa kwayo. Kule Kenya watu wa kawaida walikuwa wanatumiana unite za telefone kama pesa kabla mtu yeyote hajawaambia. Safaricom ilipofanya jaribio lake la kwanza 2005, lilikuwa la kulipia mikopo midogo, na watu wakaligeuza: wakaanza kutumiana pesa, kulipana, kuziweka zisiibiwe njiani. Kampuni ikatazama, ikafuata, na Machi 2007 ikafungua M-Pesa kwa wote. Hapa kwetu Kongo ikafika 2012. Kampuni ilikuwa na akili ya kutazama watu wanafanya nini na mashine yake. Hata Ushahidi, iliyozaliwa Kenya Januari 2008 wakati wa fujo za uchaguzi, ilifaa juu watu wengi kule walikuwa tayari na telefone na reso, na walikuwa tayari wanaandikiana. Kule kwetu bondeni cha kwanza hakipo.

Na chukudu je? Nani aliandika projee ya chukudu? Miti, msumari, kipande cha tairi kwenye magurudumu, na watu wa Kivu wanabeba juu yake magunia ya viazi na makaa kushuka mlima tangu miaka ya 1970. Ikivunjika, anayeipanda anaitengeneza pale pale kwa panga. Kule Goma waliisimamishia sanamu. Sisi tunataka kitu ambacho kikivunjika Manguredjipa siku ya Jumanne, Jumatano kiwe kimetengenezwa Manguredjipa.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Pesa ya matelefone 40 tuigeuze: foni mbili za kuongeza, bateri na pano zake, vyombo vya fundi, na masomo ya wasichana wengine wanne. Telefone tunaomba 6 tu, za vidude, zile zinazokaa na chaji siku tano, kwa watu wa kilimani penye reso. Na tunaomba kitu ambacho hakipendezi kwenye picha: mwaka mmoja wa marudio, yaani fundi kupanda kutoka Butembo kila miezi mitatu, na mafuta ya moto yake.

Kuna jambo ambalo komite yenyewe haijakubaliana, na hatutaki kuwaficha. Wengine wetu wanataka tujenge turubini ndogo kwenye kijito kimoja, tuache kutegemea jua, kwani msimu wa mvua pano inalala. Fundi wa kuchomelea amepima: maji kama lita 20 kwa sekunde, yanaanguka mita 5. Ukitoa yanayopotea njiani, hiyo ni kama wati 500 mchana na usiku. Inatosha foni, friji ndogo ya chanjo kwenye santre ya afya, na taa za kuzalishia wamama. Tuliona kule Mutwanga, chini ya Ruwenzori, namna umeme wa maji uliowashwa 2013 ulivyoleta kiwanda cha sabuni na baadaye cha chokoleti ya kakao ya huko. Kule ni mtambo mkubwa, chetu ni cha kuku mbele ya ng'ombe. Lakini wengine wanasema: taa inayowaka usiku kucha inaonekana kutoka mbali. Na kitu kilichojengwa kwa saruji hakikimbii na wewe. Foni tunaibeba mgongoni kwa dakika kumi. Tumeshafanya hivyo mara mbili. Waliokimbia mara tatu wanafikiri namna hiyo, na si uoga. Wengine wanajibu kwamba mtu asiyejenga kitu chochote cha saruji hajarudi, amepita tu.

Komite imepiga kura, 5 kwa 5, na mwenyekiti amekataa kuvunja sare. Amesema neno hilo liamuliwe na wanaolala kule, si na komite iliyo Butembo. Wanachama wa Manguredjipa mtakaa pembeni leo mchana, bila sisi na bila wafadhili, na mtatuletea jibu kabla ya saa kumi. Wamama wakae pia peke yao kwanza, kama walivyoomba.

Kaye ya foni na kaye ya pesa ziko kwenye meza ya mtunza sanduku. Anayetaka kuangalia hesabu ya bateri ile ya harusi, ukurasa wa 9. Chakula kiko tayari, ni fufu na sombe, na samaki kwa wageni.